Mtoto mnene, je, amerefuka?

Mkoani Songwe, kilo za mtoto zikipanda kliniki, ukoo mzima hufurahi. Furaha hiyo ina sababu. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa mama wa Msangano, wilayani Momba, unene ni dalili ya usalama. Lakini mizani bila kipimo cha urefu yaweza kumdanganya.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko wenzake wa rika lake. Uzito wake waweza kuonekana wa kawaida kwa umri, kumbe kwa urefu alionao umezidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutambua uzito uliozidi kwa watoto walio chini ya miaka mitano kwa kulinganisha uzito na urefu. Mtoto mmoja aweza kuwa na matatizo yote mawili. Mwaka 2022, kitaifa, asilimia 30 ya watoto hao walikuwa wamedumaa na asilimia 4 walikuwa na uzito uliozidi.

Chanzo cha matatizo haya si ulafi wa mtoto. Uji mtupu au ubwabwa bila mboga humshibisha, ila humnyima protini na madini ya kumrefusha. Ukiongeza soda na biskuti, nguvu ya ziada hugeuka mafuta. Soda ya mililita 300 pekee hubeba takriban vijiko saba vya chai vya sukari. Hatari ya uzito uliozidi huongezeka pia mama akiwa na uzito uliozidi au kisukari cha mimba, mtoto akizaliwa na uzito mdogo kisha akanenepa haraka, akilala saa chache, au akishinda mbele ya televisheni. Jijini Dar es Salaam, tafiti zimeonyesha tatizo la uzito uliozidi ni kubwa zaidi kwa wanafunzi wa shule binafsi.

Usimpunguzie mtoto uzito kwa kumnyima chakula, bado anakua. Mpe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha mwongezee maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda. Akiwa na kiu, mpe maji. Mtoto wa shule acheze angalau saa moja kila siku. Na kliniki, baada ya mizani, mwombe muuguzi ampime urefu pia, kwa sababu udumavu hurekebishika kwa shida sana baada ya miaka miwili ya kwanza.