Tanzania: Mahakama na Majaji wa Ukanda wa Dhahabu

Mkenya akivuka mpaka Sirari, akaambaa na Ziwa Viktoria kupitia Mwanza, hufika Geita na Shinyanga, nchi ya ng'ombe, pamba na dhahabu. Geita ni mkoa tangu 2012, ulipomegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga. Kando ya migodi ya makampuni makubwa wapo wachimbaji wadogo wengi, na penye dhahabu hapakosi mashauri.

Shauri dogo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Tuseme mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, amewagharamia wachimbaji chakula na vifaa. Mawe yamepatikana, lakini siku ya kugawana mifuko kabla ya kwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hesabu zinagongana. Au ndoa imevunjika na ng'ombe wa mahari wanadaiwa. Mdai husimama mbele ya Mheshimiwa Hakimu akaeleza madai yake kwa Kiswahili, na hukumu huandikwa kwa Kiswahili hicho hicho. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa humo, na hakimu aliketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, ambao kura zao zilihesabiwa pamoja na yake. Kuhusu lugha, mwaka 2021 Bunge la Tanzania likaenda mbali zaidi: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Kwetu Kenya mara nyingi mwananchi bado husomewa mashtaka kupitia mkalimani, na hukumu inayomhusu huandikwa kwa Kiingereza.

Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, kisha siku nyingine 30 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Shinyanga na masjala ndogo Geita. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Septemba 2009, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, wakati ambapo mauaji ya aina hiyo yalikuwa yameitia hofu Kanda ya Ziwa nzima. Kileleni ipo Mahakama ya Rufani, iliyoundwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, nayo husafiri hadi Shinyanga kufanya vikao. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halifiki huko mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kuwa lina hoja ya kisheria.

Je, majaji hawa hupatikanaje? Katiba ya 1977 inamtaka jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria na uzoefu wa miaka isiyopungua 10. Rais humteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambamo wamo Jaji Mkuu, Jaji Kiongozi, Jaji wa Rufani mmoja, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Jaji Mkuu naye huteuliwa na Rais, bila kupitishwa na Bunge. Mahakimu huajiriwa na Tume, lakini kamati ya mkoa inayochunguza maadili yao huongozwa na Mkuu wa Mkoa, mteule wa Rais.

Hapo ndipo Mkenya hushtuka. Aprili 2021 tulimtazama Martha Koome akihojiwa hadharani kwa nafasi ya Jaji Mkuu, kisha Bunge likampitisha. Hata hivyo tusijivune. Mwaka huo huo Rais wetu wa wakati huo aliwaapisha majaji 34 na kuwaacha wengine sita waliopendekezwa na Tume yetu, hadi mrithi wake alipowateua 2022.

Naamini mwananchi anastahili vyote viwili: kuielewa kesi yake neno kwa neno, na kujua jaji wake amechaguliwa kwa sifa zipi. Mchimbaji wa Geita amepata la kwanza, nasi tumepata sehemu kubwa ya la pili. Majirani wanaochangia ziwa na lugha wana kila sababu ya kukopeshana sheria zao nzuri.