Nta haiongezi kasi ya mashua

Swali ni lilelile, na safari hii limeletwa na mwenye mashua wa Mbugangari: "Mhandisi, nikipaka nta tumbo la mashua, si itateleza na kunipunguzia petroli?" Hapana. Wala oili chafu haisaidii, wala sabuni.

Wanaopaka wanadhani maji huteleza juu ya mbao. Hayatelezi. Maji yanayogusa mashua hunata na kwenda nayo kwa kasi yake. Yanayofuata huburutwa kidogo, ya mbali zaidi kidogo kuliko hayo, mpaka unafikia maji yaliyotulia. Ukanda huo mwembamba, alioueleza mwanasayansi Ludwig Prandtl mwaka 1904, ndio tabaka la mpaka. Msuguano unaokula petroli yako uko humo, kati ya maji na maji. Nta itaingilia wapi?

"Lakini uso laini huzuia msukosuko." Kweli, kwa umbali mfupi. Kwenye omo tabaka huanza likiwa tulivu, na kichwa cha msumari kilichochomoza chaweza kuliwahisha kuvurugika. Sasa piga hesabu. Mashua ya mita 10 ikienda mita 4 kwa sekunde, kadirio la kawaida linaweka mwanzo wa vurugu kama sentimita 12 kutoka omo. Kwa bamba lililong'arishwa, ndani ya maabara tulivu kabisa, ungefika kama sentimita 70. Ziwa Kivu lenye mawimbi, na injini inayotetemesha mbao, si maabara. Mita 9 na ushei zilizobaki zimeshavurugika, upake usipake.

Hata ndani ya vurugu hubaki utando mwembamba uliogandamana na mbao. Kwa kasi hiyo unene wake ni kama sehemu 30 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, chini ya nusu ya unywele. Mikwaruzo inayofichika humo haikugharimu kitu, na rangi iliyopigwa msasa vizuri hufichika au hukaribia. Mwani wa milimita moja haufichiki. Huo ndio unaokumaliza. Wavuvi wa sambaza wanaopiga makasia polepole wana utando mnene zaidi, kwa hiyo mikwaruzo haiwasumbui sana. Mwani unawasumbua nao.

Kisha huletwa deheni: mbona majahazi ya pwani yalipakwa shahamu na chokaa? Yalipakwa ili kuzikinga mbao na maji na wadudu wa baharini wanaozitoboa. Wadudu hao Kivu hawapo. Na vijana wanaonitajia vishimo vya mpira wa gofu wajue kwamba mpira ni duara: vurugu huifanya hewa ishikamane na mgongo wake kwa muda mrefu zaidi, na mkia wa hewa unaouvuta nyuma ukapungua. Mashua nyembamba haina shida hiyo, na vurugu inayo tayari. Vishimo vitaiongezea msuguano tu.

Fanya hivi. Ipandishe nchi kavu, kwangua mwani ungali mbichi, zamisha vichwa vya misumari, ziba nyufa, piga msasa, paka rangi ya boti. Safisha propela kwanza: inazunguka kwa kasi kuliko mashua inavyokwenda, utando wake ni mwembamba zaidi, uchafu kidogo unaigharimu. Punguza mzigo usio na kazi. Kama umeshapaka nta, iondoe yote, maana rangi haishiki juu yake. Oili chafu usiimwage ziwani. Samaki tunaowala wanatoka humo.