TANURI LILIJENGWA MBALI NA NYUMBA

Ndugu msomaji, jiko lako liko wapi? Je, liko ndani ya nyumba au nje? Kama paa lako ni la nyasi, swali hili ni kubwa. Cheche moja ikiruka, nyumba yote huteketea.

Wakulima wa zamani wa kaskazini ya Ujerumani walilijua jambo hili. Nyumba zao zilikuwa kubwa, zenye mapaa ya nyasi au matete. Watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja. Darini waliweka nafaka na majani makavu ya mifugo. Moto ukishika, mkulima alipoteza nyumba, mifugo na chakula cha mwaka.

Moto mdogo wa kupikia ulikuwa ndani. Lakini moto wa kuoka mikate ni mkubwa sana. Kwa hiyo walijenga nyumba ndogo ya kuokea, mbali na nyumba kubwa.

ILIJENGWAJE?

Kwanza walipanga mawe chini. Juu ya mawe walilaza boriti za mwaloni, mti mgumu sana. Juu ya boriti walisimamisha nguzo. Hawakutumia misumari. Fundi alitoboa tundu katika mti mmoja, akachonga ulimi katika mti wa pili. Ulimi uliingia katika tundu, kisha alipigilia kigingi cha mti.

Kati ya nguzo walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu. Kazi hiyo unaijua. Hata sisi tunakandika hivyo.

Nyumba nyingine za namna hii zimesimama zaidi ya miaka 200. Kwa nini? Miti haikugusa ardhi yenye maji, kwa hiyo haikuoza. Na paa lilitokeza nje, likakinga ukuta na mvua.

Huku kwetu kuna adui wa pili, naye ni mchwa. Mawe peke yake hayamzuii. Lakini njia yake ya udongo huonekana juu ya mawe. Ukiiona, iondoe mapema.

MKATE NA POMBE

Kuni ziliwashwa ndani ya tanuri lenyewe, mpaka mawe yakapata joto kali. Kisha makaa na majivu yalitolewa, na tanuri likafagiwa kwa ufagio uliolowa. Mikate iliingizwa kwa ubao wenye mpini mrefu, na mlango ukafungwa. Mkate uliiva kwa joto la mawe tu. Mikate ilipotoka, walikausha matunda kwa joto lililobaki. Hivyo moto mmoja ulifanya kazi mbili.

Katika mashamba mengi pombe pia ilipikwa humo. Shayiri ilirowekwa, ikachipua, ikakaushwa, ikawa kimea. Kimea kilisagwa na kutiwa katika maji ya moto. Maji hayo yalichujwa na kuchemshwa, na yalipopoa yakatiwa hamira. Hamira ya pombe iliweza pia kuumua mkate. Ndiyo maana kazi hizi zilikaa pamoja. Zote zinahitaji nafaka, maji, moto na hamira.

TANURI LA KIJIJI

Vijiji vingine vilijenga tanuri moja la watu wote, wakaoka kwa zamu. Lakini nani aanze? Wa kwanza alikuta tanuri baridi, akamaliza kuni nyingi. Wa pili alikuta joto. Kwa hiyo walipiga kura, na hapakuwa na ugomvi.

Leo Wajerumani wengi hununua mikate dukani. Lakini katika mji wa Cloppenburg kuna makumbusho yaliyoanza mwaka 1934. Majengo mengi ya zamani ya wakulima yamehamishiwa huko, na watu huenda kuyatazama.

Sasa, ndugu msomaji, toka nje utazame. Upepo mkali huvuma kutoka wapi? Usijenge jiko upande huo, maana cheche zitapeperushwa mpaka kwenye paa lako. Lijenge upande mwingine, na liwe mbali na nyumba.