Projekta Haina Rangi Nyeusi

Swali limenifikia kutoka mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa mwalimu wa sekondari mwenye ukuta mmoja mzuri sebuleni na watoto watano wanaogombania simu moja. "Mama mwandishi," ameniandikia, "hapa mjini nimeona projekta mbili. Moja ni mpya, ndogo kama mkate, kwenye boksi wameandika lumeni 8,000, bei dola 90. Ya pili ni ya mtumba, nzito, ilikuwa ya ofisi, imeandikwa lumeni 3,000, bei dola 180. Muuzaji anasema nichukue yenye namba kubwa. Nami nina paneli moja na betri moja. Nifanye nini? Na mechi za Jumamosi, je?"

Mwalimu, sitakueleza habari za waya, za flashi, wala za kuunganisha simu. Hayo watoto wako wanayajua kuliko mimi. Nitaanza na hizo lumeni, upesi upesi, kwa sababu kuna jambo jingine ninalotamani kulifikia.

Lumeni ni hesabu ya nuru yote inayotoka kwenye mashine. Luksi ni nuru inayotua juu ya kila mita moja ya mraba. Lumeni ni unga wote uliomo katika gunia; luksi ni ugali unaofika kwenye sahani ya kila mtoto. Gunia likibaki lile lile na watoto wakaongezeka, ugali wa kila sahani unapungua. Ndiyo maana picha ikitanuliwa upana mara mbili, mwangaza wake unashuka hadi robo, maana eneo limekuwa mara nne.

Jua la adhuhuri juu ya ziwa hutupa luksi zipatazo laki moja. Mwezi mpevu hutoa robo ya luksi hivi. Katikati ya hao wawili imo sinema: jumba la sinema lenye viwango vyake huweka takribani luksi 150 kwenye pazia, nasi tukakaa humo na kuona mchana, moto na dhahabu. Picha ya upana wa mita mbili ina eneo la mita za mraba 2.25. Zidisha, utapata lumeni 340 hivi. Basi! Katika chumba chenye giza kamili, lumeni 340 za kweli zinakupa sinema. Neno zito hapo ni "za kweli". Hiyo 8,000 ya boksi, kama haikutungwa na mchapaji, ilihesabiwa kwenye taa ikiwa uchi, kabla nuru haijapita kwenye vichujio na lenzi na kupotelea njiani. Si ajabu mashine kama hiyo kufikisha ukutani lumeni mia moja au mia mbili tu. Kipimo cha kuaminika kina jina la ANSI au namba ya ISO 21118: wanamulika picha nyeupe tupu, wanaigawa miraba tisa, wanapima katikati ya kila mraba, kisha wastani wanauzidisha kwa eneo. Kama boksi halikutaja moja ya hayo mawili, namba iliyomo ni pambo.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Projekta haina rangi nyeusi. Haiwezi kumulika nyeusi, kwa kuwa hakuna mwali mweusi. Ukimwona mchezaji mwenye jezi nyeusi ukutani, pale pa jezi umeona ukuta wako tu, ukuta ulioachwa bila nuru. Kama ukuta huo tayari unaangazwa na mlango uliofunguliwa, jezi ile haiwezi kuwa nyeusi kuliko mlango unavyoruhusu. Itakuwa kijivu, na vivuli vyote vya filamu vitapauka pamoja nayo.

Wavuvi wa ndakala wa Ziwa Tanganyika hawahitaji makala hii. Wanawasha taa zao juu ya mitumbwi siku za giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi wanapumzisha nyavu. Taa haijapungua mafuta wala betri. Kilichopungua ni giza. Na wewe, kabla hujanunua nuru, kagua giza ulilonalo.

Lakini mashine inaachaje sehemu ya ukuta bila nuru, wakati taa yake ni moja na inawaka muda wote? Hapa ndipo ninapopapenda, na nakuomba unistahimili.

Fikiria uwanja wa shule yako saa nne asubuhi. Kila mwanafunzi ameshika kipande cha kioo kilichovunjika. Mchezo huu tumeucheza wote, na wote tumechapwa kwa ajili yake: unakamata jua kwenye kioo na kulitupa ukutani, au machoni mwa mwalimu wa hesabu. Sasa wapange wanafunzi kwa mistari, kila mmoja apewe sehemu yake ya ukuta, sentimita chache tu, asiguse ya mwenzake. Jua ni moja, halizimwi. Mwanafunzi ana amri mbili tu anazozijua: "ukutani" na "kichakani". Akiambiwa ukutani, anainamisha kioo huku na sehemu yake inang'aa. Akiambiwa kichakani, anakiinamisha kule, nuru inakwenda kuwapata mbuzi, na sehemu yake ya ukuta inabaki giza. Watoto wakiwa wengi vya kutosha, ukutani inatokea picha.

Projekta za aina ya DLP zina uwanja huo ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko stempu. Ile yenye picha ya 1920 kwa 1080 ina wanafunzi 2,073,600. Kila kioo ni cha alumini, upana wake ni mikromita chache tu: panga kumi hivi upande kwa upande ndipo upate unene wa unywele mmoja. Kila kimoja kimekaa juu ya bawaba yake, na chini yake kuna chumba cha kumbukumbu kinachoshika sifuri au moja. Ikija moja, umeme tuli unakivuta kioo upande huu, digrii 12. Ikija sifuri, kinavutwa upande ule. Hakuna katikati. Larry Hornbeck, mwanafizikia wa Texas Instruments, alihangaika miaka kumi tangu 1977 na vioo laini vilivyopinda kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kumfundisha kila mtoto kuinamisha kioo kwa digrii tatu na nusu. Mwaka 1987 aliacha hilo, akaamua kila kioo kijue pande mbili tu. Mwaka 2015 wakampa Oscar kwa kazi hiyo, nami sijaona Oscar iliyostahili zaidi.

Utauliza: kama amri ni mbili tu, kijivu kinatoka wapi? Uso wa mtu una maelfu ya vivuli. Rudi uwanjani. Mwambie mtoto: nataka nusu ya mwangaza. Hawezi, kioo chake hakijui nusu. Lakini anaweza kuutupia ukuta nuru nusu ya muda na kichaka nusu ya muda, akibadilisha upesi kiasi kwamba jicho halimfuati. Jicho linajumlisha, na jumla yake ni kijivu. Akitaka robo, anakaa ukutani robo ya muda. Na hao watoto ni wepesi: muda mfupi kuliko wote wanaopewa ni mikrosekunde 22 hivi, yaani sekunde ikigawanywa sehemu milioni moja, wao wanapewa 22 tu. Kioo kimoja kikigeuka mara 5,000 tu kwa sekunde, kwa filamu ya saa tatu kimegeuka mara milioni 54, na bawaba yake haijalia.

Rangi nazo? Mbele ya jua anasimama mtu na gurudumu la vioo vya rangi, nyekundu, kijani, buluu, analizungusha. Wakati wa nyekundu watoto wanachora picha ya nyekundu, wakati wa kijani ya kijani, na ya buluu vilevile. Ukutani hakujawahi kuwapo picha ya rangi zote kwa pamoja hata nukta moja. Tatu zinapokezana, na ubongo wako ndio unaozipika chungu kimoja. Katika mashine za LED gurudumu halipo tena. Taa tatu zenyewe zinapokezana kuwaka.

Nimetafuta jina la vioo hivi kwa Kiswahili na nimegombana na nafsi yangu siku mbili. "Vioo vidogo sana" si jina, ni malalamiko. Nilipenda mno "vimulimuli", maana yule mdudu wa usiku naye huwaka na kuzima, tena neno lenyewe linawaka na kuzima mdomoni. Lakini kimulimuli ana nuru yake mwenyewe, na kioo hiki hakina; kinaazima. Kukiita kimulimuli ni kukisifu kwa mali ya jirani. Nimekimbilia kwenye kupepesa, kama mtu anavyopepesa macho: kioo kimoja ni kipepesi, vingi ni vipepesi. Mtu asikichanganye na kipepeo. Huyo ametoka kwenye kupepea, na ana shughuli zake. Na mashine yenyewe, ambayo huku kwetu wengi wanaiita retroprojekta, jina la ile ya zamani iliyomulika karatasi za plastiki darasani, nitaiacha iwe projekta. Ugomvi mmoja kwa makala moja unatosha.

Sasa wakumbuke wale mbuzi kichakani. Nuru inayopelekwa kwao haijahifadhiwa, imetupwa. Inagonga kipande cheusi ndani ya mashine na kuwa joto, na feni inalitoa nje kwa kelele. Kwa hiyo filamu ya usiku wa manane msituni inakula betri yako karibu sawa na filamu ya jangwani saa sita mchana. Unailipia nuru yote, hata ile usiyoiona.

Hapo ndipo paneli yako inapoingia, Mwalimu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ya kawaida ya risasi na asidi, ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Ile projekta nzito ya ofisi yenye taa ya zebaki huenda ikavuta wati 270 au 300. Ongeza spika na hasara ya kugeuza umeme, nayo inakuachia chini ya saa mbili: mechi moja, bila dakika za nyongeza wala penalti. Projekta ya LED ya wati 60 pamoja na spika ndogo inaweza kwenda saa sita. Tena taa ya zebaki ina umri wa saa elfu chache, na hiyo ya mtumba tayari imeishi sehemu ya maisha yake ofisini. Mwambie muuzaji afungue menyu akuonyeshe saa zilizotumika. Taa ya LED huhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mechi za Jumamosi ndizo zinazonitia wasiwasi. Ligi ya mabingwa ya Ulaya inachezwa wakati Baraka ni usiku, mambo ni mazuri. Lakini mpira wa Uingereza unaoanza saa tisa alasiri kwao unakufikia saa kumi, au saa kumi na moja ikiwa kwao ni majira ya baridi, na jua bado liko juu ya milima. Funga madirisha kwa blanketi zito, kisha usogeze mashine karibu na ukuta mpaka picha iwe na upana wa mita moja tu. Lumeni 200 za kweli zitatoa luksi zaidi ya 350 hapo. Watoto watalalamika kuwa ni ndogo. Ni kubwa kuliko simu.

Kwa bahati Baraka imegeuzia milima mgongo na ziwa uso: jua linazama upande wa milima, na giza la nchi za ikweta halibembelezi, dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama shughuli inaweza kuanza. Sinema za kuhamahama zinaishi kwa giza hilo. Ilse na Femke van Velzen, dada wawili Waholanzi waliotengeneza Fighting the Silence mwaka 2007, juu ya wanawake wa Kongo walionusurika ubakaji, waliipeleka filamu hiyo vijijini mashariki ya nchi kwa jenereta, kitambaa na projekta. Kwenye maonyesho ya namna hiyo anayechelewa anaketi nyuma ya kitambaa na kuona picha iliyogeuka, mchezaji wa mguu wa kushoto akawa wa kulia. Anaona kwa sababu kitambaa kinavuja: nuru inayomfikia yeye imeibwa kwa waliokaa mbele. Nyumbani usitundike shuka. Paka ukuta chokaa au rangi nyeupe isiyong'aa, au kama ni lazima iwe shuka, likunje mara mbili.

Na sasa, kwa sauti ya chini: projekta nyingi za dola 90 hazina vipepesi hata kimoja. Ndani yake kuna kioo kimoja cha LCD kama cha simu, chenye kuzuia nuru badala ya kuigeuza, na vumbi likiingia huonekana ukutani kama doa. Ya ofisi nayo inaweza kuwa ya LCD tatu. Watu wachache wanaona upinde wa mvua kwenye mashine ya vipepesi na kichwa kinawauma. Watoto wasichungulie lenzi. Tuendelee.

Ningekuwa wewe, nisingechukua hata moja kati ya hizo mbili kwa bei hiyo. Ningesubiri ya LED yenye lumeni 300 hadi 500 za ANSI, hata ya mtumba, inayokubali umeme wa betri moja kwa moja bila kibadilishi. Kama huwezi kusubiri, chukua ya ofisi iwapo jirani ana jenereta, na ile ya mkate iwapo huna ila betri yako, mradi muuzaji akuwashie kwanza kwenye chumba chenye giza. Mwambie aweke picha nyeupe tupu. Kisha pitisha mkono wako upesi mbele ya mwali, vidole vimetanuka, utazame kivuli chake ukutani. Kingo za vidole zikitoka nyekundu, kijani na buluu, wale wanafunzi wamo.