Siku ya posho, wamama wanasuka triko



Mara mingi tunazungumuza hapa mishahara, kontra na usalama wa kazi. Leo tuzungumuze sindano na uzi. Hapa kwetu Kolwezi, kila siku ya posho kisha saa nane, wamama kumi na wawili hivi wanakutana chini ya mwembe, mu kiwanja cha mwenzao. Kila mmoja anakuja na kiti chake, sindano mbili na mfuko wa nyuzi. Wanasuka kofia, soksi na triko za watoto wachanga. Hawana ofisi, hawana muhuri, hata jina hawajajipa.

Ufundi huu una mizizi. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, bibi wa mfanyakazi alikuwa anaenda Foyer Social. Pale walimufundisha kushona, kusuka triko, kupika na kuchunga mtoto. Wamama wakubwa wa kundi hili walijifunza pale. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines mu ile « départ volontaire » tunayoijua wote. Kazi ya bwana ilikwisha, lakini ufundi wa mikono ya mama haukupewa barua ya kuachishwa.

Kwa nini kofia? Wote tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu. Mtoto mchanga anapoteza joto mingi kupitia kichwa, na yule aliyezaliwa mbele ya wakati, ao chini ya kilo 2 na nusu, anapoa mbio zaidi. Mwaka 1978, kule Bogotá mu inchi ya Kolombia, waganga walianza kuweka watoto wa namna hiyo ngozi kwa ngozi ku kifua cha mama, sawa kangaruu. Leo njia hiyo inafuatwa mu inchi mingi, na kofia inaenda pamoja nayo. Uzi unapaswa kuwa mwororo, bila vifungo wala kamba ya shingo. Kwa mtoto wa kawaida wanapima kichwa cha santimetre 35 hivi. Kwa mtoto wa mapema wanapima na chungwa.

Uzi unatoka wapi? Uzi mupya uko bei. Basi wananunua triko za zamani ku soko, wanazifumua, wanafua uzi, wanautundika na jiwe ndogo chini ili unyooke. Ku kila vitu vitatu, viwili vinaenda materniti bure, kimoja kinauzwa kwa kununua uzi mwingine. Kanuni hii ilileta mabishano. Wengine walitaka kuuza vyote, sababu mu nyumba zao pia kuna njaa. Walibishana siku za posho mbili, kisha wakapatana hivi: mwenye shida anasema mbele ya wote, na kile kilichouzwa siku ile kinaenda kwake.

Mu kundi kuna wajane wanne. Kamarade wenzangu wa sendika, mnajua namna ya matanga ya mchimbaji: sanduku, hotuba, kotizasyo, kisha watu wanarudi kazini. Msaada wa kampuni uko na tarehe ya mwisho. Kisha tarehe ile, nani anabisha ku mlango wa mjane? Ni wamama hawa. Mmoja wao aliniambia: « Mutu akikuya hapa hayui kusuka, tunamufundisha. Akikuya na kilio, tunamupa kiti, tunamupa na uzi. Mikono ikitumika, kinywa nayo inafunguka. »

Mjane mmoja, kijana bado, alikaa mwezi muzima pale bila kusema neno. Alikuwa anafumua tu triko za wengine. Siku moja akauliza namna ya kuanza kisigino cha soksi. Mama mkubwa akasogeza kiti chake karibu.

Mu sendika tunaitaka mshikamano ku mikutano. Pale chini ya mwembe unafanyika bila mikrofoni. Basi, kamarade, angalia mu sanduku yako: ile triko ya zamani yenye kiwiko kilichotoboka, usiitupe. Bibi yako aipeleke kwa wamama wanaosuka mu kambi yenu. Na kama hawako bado, wamama wawili na sindano nne zinatosha kuanza siku ya posho ijayo.