Damu inapoishtaki sumu ya kemikali

HUENDA umewahi kutolewa damu hospitalini ili ichunguzwe kama una malaria au homa ya matumbo. Lakini je, wajua kwamba damu hiyo yaweza pia kuisaidia serikali kuamua ni kemikali gani ipigwe marufuku?

Kwa kawaida serikali hupima sumu iliyo katika hewa, maji au udongo, kisha wataalamu hukadiria kiasi kinachowafikia watu. Njia nyingine ni kumpima mtu mwenyewe, yaani damu au mkojo wake. Njia hii huonyesha sumu iliyokwisha kuingia mwilini, iwe imepitia puani au mdomoni.

Mfano mzuri ni wa madini ya risasi nchini Marekani. Kwa miaka mingi madini hayo yalitiwa katika petroli ili injini zisigonge. Yalitoka pamoja na moshi wa magari, watu wakayavuta, na watoto wakayameza pamoja na vumbi lililoshika vidoleni.

Risasi haina faida yoyote mwilini. Hudhuru ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza, na madhara hayo huenda yasiondoke kamwe. Kibaya zaidi, mtoto aweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili.

Kati ya 1976 na 1980, serikali ya Marekani ilipima damu ya maelfu ya watu kote nchini, wakati risasi katika petroli ilikuwa ikipunguzwa. Ilibainika kwamba wastani wa risasi katika damu ulishuka kwa asilimia 37 hivi, sambamba na upungufu wake katika petroli.

Mwaka 1982 serikali hiyo ilikuwa ikifikiria kulegeza masharti kuhusu petroli. Ushahidi wa damu ulisaidia kuigeuza nia. Mwaka 1985 iliamuru risasi ipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 90, na kuanzia 1996 ikaipiga marufuku katika petroli ya magari ya barabarani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia 2006.

Hata hivyo, usidhani kwamba risasi imetoweka. Ingali katika betri za magari. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya makazi ya watu hadi kilipofungwa 2014. Vipimo vya damu ya wakazi, watoto wakiwemo, vilikuwa sehemu ya ushahidi mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024.

Tazama tofauti iliyopo. Kule Marekani, serikali ndiyo iliyotangulia kupima, kisha ikabadilisha sheria. Owino Uhuru, damu ilipimwa wakati watu walikuwa wamekwisha kudhurika.

Kipimo hiki kina upungufu wake. Chaweza kuonyesha kwamba sumu imo mwilini bila kueleza ilikotoka. Aidha, tangu 2021 wataalamu wa Marekani hufuatilia mtoto mwenye maikrogramu 3.5 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Hiyo haimaanishi kwamba kiasi cha chini ya hapo ni salama. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Ikiwa unaishi karibu na mahali panapoyeyushwa betri, mweleze daktari na umwulize kuhusu kupimwa kwa watoto. Wanawishe mikono kabla ya kula. Anayefanya kazi hiyo naye abadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani, na asiwabebe watoto kabla ya kuoga.