Uchapishaji wa ulimwengu katika VRChat

Uchapishaji wa ulimwengu katika VRChat ni hatua ya kufungulia umma mahali palipotengenezwa na mtumiaji ndani ya jukwaa hilo la uhalisia pepe. VRChat ilibuniwa na Graham Gaylor na Jesse Joudrey, na tangu mwaka 2017 inapatikana kupitia Steam. Watu hukutana humo wakiwa na maumbo waliyojichagulia na kuongea kwa sauti zao. Sehemu kubwa ya mahali wanapokutana, pawe msitu, baa au darasa, ni kazi ya watumiaji wenyewe. Kwa hiyo suala la nani aruhusiwe kuchapisha si dogo.

Utengenezaji

Ulimwengu hutengenezwa nje ya VRChat, kwa programu ya Unity ambayo hutumika pia kutengeneza michezo ya kompyuta. Mtengenezaji huongeza zana za VRChat, zinazotolewa bure, kisha huweka mahali ambapo wageni watatokea wanapoingia. Huweka pia kimo cha chini: anayeporomoka kupita hapo hurudishwa mwanzo, la sivyo angeendelea kuanguka bila kikomo. Vitu vinavyotenda, kama mlango unaofunguka, huandikiwa maelekezo kwa Udon, mfumo ulioanza mwaka 2020. Miwani ya uhalisia pepe si lazima. Kompyuta ya Windows yenye nguvu inatosha kutengenezea na kujaribia.

Kupakia si kuchapisha

Wanaoanza huchanganya mambo haya mawili. Kwanza, akaunti mpya hairuhusiwi kupakia chochote. Mwenyewe huanza katika daraja la mgeni, na hupanda kadiri anavyotumia jukwaa na kupata marafiki. Anayeingia kwa akaunti ya Steam pekee hana budi kufungua akaunti ya VRChat yenyewe. Utaratibu huu huwaudhi wenye haraka, lakini hupunguza akaunti zinazofunguliwa kwa ajili ya fujo tu.

Wakati wa kupakia, mtengenezaji huandika jina, maelezo na idadi ya watu wanaoweza kuingia, huweka picha, na kuthibitisha kwamba ana haki ya kutumia kila kilichomo. Muziki au sanamu iliyochukuliwa bila idhini inaweza kumletea matatizo. Ulimwengu uliopakiwa hubaki wa faragha: huingia mwenyewe na aliowaalika.

Akitaka umma uingie, ndipo anapochapisha. Ulimwengu hupelekwa kwanza kwenye Maabara ya Jumuiya, ambako huonekana kwa watumiaji waliochagua kuona kazi ambazo bado ziko katika majaribio. Ukipokelewa vizuri hutoka na kuwa wa umma. Ukilalamikiwa unaweza kurudishwa faragha.

Uzito wa faili

Wenye simu za Android na miwani ya Quest huhitaji toleo lao, lisilozidi MB 100. Ulimwengu wenye toleo la Windows peke yake huwafungia nje, hata uwe mzuri namna gani.

Kitambulisho

Kila ulimwengu una kitambulisho chake, na matoleo yote mawili hutumia kilekile. Mtengenezaji akikifuta na kupakia upya, ulimwengu mwingine huzaliwa, huku idadi ya waliotembelea ikibaki kwa ule wa zamani. Mafaili ya Unity nayo hubaki kwenye kompyuta yake. Yakipotea bila nakala, ulimwengu huendelea kutembelewa lakini yeye hawezi tena kuurekebisha.